Marejea Kabla ya Mahindi: Mwongozo Kamili wa Kupata Naitrojeni kwa Mbolea ya Kijani

Mkulima wa mahindi anayefuata kilimo hai hukabiliwa na upungufu mmoja unaozidi mwingine wote, nao ni upungufu wa naitrojeni. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 na ambacho ndicho msingi wa nembo ya Kilimohai, hakiruhusu mbolea za viwandani kama yurea na CAN, kwa hiyo mkulima hubaki na samadi, mboji na mimea yenyewe. Samadi ya zizi lililo wazi, iliyopigwa jua na mvua kwa miezi, mara nyingi huwa na takriban kilo 1 tu ya naitrojeni katika kila kilo 100 za samadi kavu. Anayehitaji kilo 30 kwa ekari atalazimika kubeba tani 3, na mwenye ng'ombe wawili hana tani 3.

Wakati huohuo, hewa iliyo juu ya shamba lake ni naitrojeni kwa asilimia 78, na mimea ya jamii ya mikunde ndiyo inayoweza kuiteremsha. Kusini mwa Tanzania jambo hili si geni: huko Peramiho, mkoani Ruvuma, Padri Gerold Rupper wa Wabenediktini aliyatangaza sana kwa wakulima, katika miaka ya 1980, marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaofukiwa shambani ukiwa kijani ili kurutubisha udongo, na hadi leo unajulikana vijijini kama mbolea ya kijani. Wapo waliopanda wakafaulu, na wapo waliopanda wakaona mahindi yao ni yaleyale ya njano. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya makundi haya mawili mara nyingi haitokani na mbegu wala udongo, bali na tarehe: tarehe ya kukata na tarehe ya kupanda mahindi. Mwongozo huu unachukua mahindi na marejea kama mfano mkuu, lakini kanuni zake zinafaa pia kwa mimea mingine itakayotajwa.

Jinsi naitrojeni inavyoingia na inavyotoka

Kwenye mizizi ya mikunde huota vinundu vidogo, na ndani yake huishi bakteria waitwao rizobia, ambao hupewa sukari na mmea nao huugeuzia naitrojeni ya hewani kuwa chakula unachoweza kukitumia. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hupanda kwenye majani na mashina machanga, na mmea unapoanza kujaza mapodo (maganda yanayobeba mbegu) huhamia kwenye mbegu. Hapa ndipo penye kosa la kawaida la kuamini kwamba kupanda maharage au soya na kuyavuna kunarutubisha shamba kwa kiasi kikubwa. Anayevuna mbegu huondoka na naitrojeni nyingi kwenye gunia, na kinachobaki shambani kinaweza kuwa kidogo mno. Mbolea ya kijani ni ile inayofukiwa ikiwa kijani.

Ikumbukwe pia kwamba si naitrojeni yote iliyomo katika mmea iliyotoka hewani, kwa kuwa sehemu yake ilinyonywa udongoni. Udongo ukiwa tayari na naitrojeni nyingi, kwa mfano mahali palipokuwa na zizi, mikunde huvivia kutengeneza vinundu na kula kilichopo. Kwa sababu hiyo, ekari iliyochoka ndiyo inayofaidika zaidi kuliko ekari iliyo karibu na nyumba.

Baada ya kufukiwa, majani huozeshwa na vijidudu vya udongo, na kasi ya kuachilia naitrojeni hutegemea uwiano wa kaboni na naitrojeni katika mabaki. Uwiano ukiwa chini ya 20 kwa 1, kama ilivyo kwa majani mabichi ya marejea, naitrojeni huanza kutoka ndani ya wiki chache. Ukizidi 30 kwa 1, kama ilivyo kwa mashina makavu ya marejea yaliyozaa au mabua ya mahindi, vijidudu hunyang'anya naitrojeni iliyokuwa udongoni ili viweze kuozesha kaboni hiyo, na mahindi yaliyopandwa wakati huo hugeuka njano ilhali mkulima ameweka mbolea.

Hatua ya kwanza: kuchagua mmea kulingana na nafasi iliyopo

Marejea huota haraka, husimama wima na kufikia kimo cha mtu au zaidi, huzidi magugu nguvu yakipandwa kwa msongamano, na husaidia kupunguza minyoo fundo, yaani vijinyoo vinavyoshambulia mizizi, udongoni. Hiyo ndiyo sababu yanafaa sana kutangulia nyanya, bamia au mahindi. Udhaifu wake ni kwamba mashina hukomaa na kuwa magumu upesi, na hayavumilii maji yaliyotuama.

Kanavalia ina mbegu kubwa, hustahimili ukame na udongo duni, na kwa kuwa aina ya kichaka haipandi juu ya mahindi, ndiyo ningependekeza kwa anayetaka kuchanganya. Fiwi hutoa majani mengi, hukaa kijani hadi kiangazi, na mbegu zake huliwa, jambo linalomfanya mkulima ashawishike kuivuna badala ya kuifukia. Mbaazi mizizi yake huenda chini sana na majani yake hudondoka shambani yenyewe, hivyo hurudisha kiasi fulani hata baada ya kuvunwa. Kunde zinafaa pale ambapo mvua ni chache na nafasi ni wiki sita au saba tu. Fiwi na kunde, hata hivyo, zinaweza kuiongeza minyoo fundo, na hazifai kutangulia nyanya katika shamba lenye tatizo hilo.

Mukuna hufunika ardhi kama blanketi na kuua hata magugu sugu. Wengi huikataa kwa kudhani ni upupu wa porini unaowasha, lakini aina inayolimwa haina vinyweleo hivyo. Hatari yake ya kweli iko kwenye mbegu, ambazo zina kemikali iitwayo L-dopa na hazifai kupikwa na kuliwa kama maharage. Mbegu za kanavalia nazo zina sumu zikiwa mbichi, na mbegu za jamii ya marejea hazipaswi kuchanganyika na nafaka ya watu au chakula cha kuku na mifugo. Magunia yatengwe na yaandikwe.

Hatua ya pili: kupanga kalenda kuanzia kwenye mahindi kurudi nyuma

Hatua hii ndiyo inayoamua mambo, na inahitaji kukaa chini na kalamu kabla ya kununua hata kilo moja ya mbegu. Mahindi huhitaji naitrojeni kidogo katika wiki tatu za mwanzo. Mahitaji hupanda ghafla yanapofika magotini na huendelea hivyo hadi yanapotoa mbelewele. Mabaki mabichi yaliyofukiwa kwenye udongo wenye unyevu huachilia sehemu kubwa ya naitrojeni kati ya wiki ya pili na ya sita. Kazi ya mkulima ni kuvikutanisha vipindi hivi viwili. Akifukia mapema mno katika mvua kubwa, naitrojeni huwa imeshazama chini ya mizizi kabla mahindi hayajaitaka. Akifukia siku moja na kupanda, mbegu hukutana na joto la uozo, ukungu wa kuozesha miche na funza.

Katika maeneo ya mvua mbili kama Morogoro, Tanga, Pwani na Kilimanjaro, nafasi iliyo wazi ni vuli. Marejea yapandwe na mvua za kwanza za Oktoba au Novemba, yafikie maua kati ya mwishoni mwa Desemba na Januari, yakatwe na kufukiwa wakati udongo bado una unyevu, kisha mahindi yapandwe masika. Mkulima atauliza kama naitrojeni haitapotea katika kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Udongo mkavu hausafirishi naitrojeni, na vijidudu hulala. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hulipuka kwa shughuli za vijidudu na kuachilia naitrojeni nyingi ndani ya siku chache. Wimbi hilo huja na mvua ya kwanza ya masika na huoshwa na mvua zinazofuata. Ndiyo maana anayepanda mahindi wiki mbili baada ya masika kuanza, akisubiri jirani wapande kwanza, hupoteza sehemu ya mbolea aliyoihangaikia tangu Oktoba.

Katika maeneo ya mvua moja kama Ruvuma, Mbeya, Iringa na Njombe, mambo ni magumu zaidi kwa sababu msimu wa mahindi ndio msimu pekee wa mvua. Njia ya kwanza ni kupanda mikunde katikati ya mistari ya mahindi wakati wa palizi: marejea au kanavalia wiki tatu hivi baada ya mahindi kuota, na mukuna si kabla ya wiki ya tano au ya sita, vinginevyo itayapanda mahindi na kuyaangusha. Mahindi yakivunwa, mikunde hubaki ikitumia unyevu wa mwisho, kisha hukatwa kabla haijakauka. Njia ya pili ni kutenga robo ya shamba kila mwaka iwe ya marejea peke yake. Njia hii hutoa mbolea nyingi zaidi lakini humnyima mkulima mavuno ya robo hiyo, na mwenye ekari moja na watoto wa kulisha hawezi kulaumiwa akiikataa.

Hatua ya tatu: kupanda na kuilisha mikunde

Ardhi ilimwe na kusawazishwa, kwa kuwa mbegu za marejea ni ndogo na hazipendi mabonge. Kwa mistari iliyoachana sentimita 30 hadi 50, kilo 4 hadi 8 hutosha ekari moja; kwa kumwaga kwa mkono tumia kilo 8 hadi 12, kisha funika kwa reki au tawi la mti, kina kisizidi sentimita 2 au 3. Mukuna na kanavalia zipandwe kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja au mbili kila shimo. Kwa mukuna hiyo ni karibu kilo 20 hadi 30 kwa ekari, na kanavalia huzidi kwa sababu ya ukubwa wa mbegu zake. Mbegu ngumu zilowekwe usiku mmoja. Palizi moja katika wiki ya tatu hutosha. Baada ya hapo mmea hujipigania wenyewe.

Mikunde haihitaji kuwekewa naitrojeni, ila huhitaji fosforasi, na udongo mwekundu wenye tindikali wa nyanda za juu mara nyingi hauna ya kutosha. Hapa unga wa mawe ya fosfeti wa Minjingu, unaochimbwa mkoani Manyara, unafaa kwa kilimo hai mradi usiwe umechanganywa na mbolea za viwandani, jambo la kuhakikisha kwa kusoma mfuko. Unga huo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wenye chumvi au chokaa nyingi ni kutupa fedha. Wasioweza kuupata watumie samadi au jivu kidogo kwenye mistari. Ningeweka fosforasi kwenye mikunde kuliko kwenye mahindi, kwa sababu mikunde iliyoshiba hukusanya naitrojeni zaidi na kisha huirudisha fosforasi hiyo mahindi yanapoihitaji.

Kuhusu chanjo ya bakteria, marejea, kunde, fiwi na mbaazi kwa kawaida hupata rizobia wanaoafikiana nao katika udongo wa Afrika Mashariki bila kuchanjwa. Soya ndiyo yenye kuchagua zaidi.

Hatua ya nne: kuchimbua na kukagua vinundu

Kati ya wiki ya sita na ya nane, chimbua mimea mitano au sita kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Tumia jembe na uinue na bonge la udongo, kwa maana ukivuta kwa mkono vinundu hukatika na kubaki ardhini. Suuza mizizi polepole, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado ni kichanga au hakifanyi kazi. Kikiwa kijani au kahawia, kimezeeka. Mmea usio na vinundu na wenye majani ya njano unaonyesha kwamba udongo una tindikali kali, maji yaliyotuama au ukosefu wa fosforasi, na hapo ni afadhali kutafuta chanzo kabla ya kurudia msimu mwingine.

Hatua ya tano: kupima kabla ya kukata

Wakulima wengi hufukia bila kujua wamefukia kiasi gani, kisha hushindwa kuamua kama samadi ya kuongezea inahitajika. Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Tengeneza fremu ya vijiti yenye upande wa mita 1, iweke mahali patano shambani bila kuchagua palipostawi, kata yote yaliyomo juu ya ardhi, upime kwa mizani na utafute wastani.

Chukua mfano wa wastani wa kilo 2.5 mbichi kwa kila mita ya mraba. Ekari ni takriban mita za mraba 4,000, kwa hiyo shamba lina kilo 10,000 mbichi. Majani mabichi ni maji kwa karibu asilimia 80, hivyo zitabaki kilo 2,000 kavu; anayetaka uhakika akaushe kilo 1 hadi uzito usibadilike tena. Marejea yanayoanza kuchanua huwa na takriban asilimia 3 ya naitrojeni, nayo ni kilo 60 kwa ekari. Hesabu isiishie hapo. Karibu nusu tu ndiyo itakayoachiliwa katika msimu wa kwanza, yaani kilo 30, na mahindi yatakamata labda nusu ya hiyo, yaani kilo 15. Iliyobaki hujenga rutuba ya miaka inayofuata au hupotea. Gunia moja la kilo 100 za mahindi huhitaji kilo 2 hadi 2.5 za naitrojeni kwa mmea mzima, basi kilo 15 ni nyongeza ya magunia 6 au 7 juu ya kile ambacho udongo ungetoa wenyewe. Fremu ikionyesha kilo 1 kwa mita badala ya 2.5, mkulima ajue mapema kwamba anahitaji samadi ya kuongezea.

Hatua ya sita: kukata na kufukia

Kata pale ambapo karibu nusu ya mimea imetoa maua ya kwanza na hakuna podo lililojaa. Kwa marejea hali hii kwa kawaida huja kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, kutegemea joto na tarehe ya kupanda. Kuongeza wiki tatu kwa tamaa ya wingi ni kubadilisha majani laini kwa mashina yenye miti, na kipimo cha kawaida ni mkono: shina likikatika kwa panga kwa pigo moja jepesi, wakati ndio huu, likilia na kurudisha panga, umeshachelewa.

Katakata vipande vya sentimita 10 hadi 20, acha vinyauke siku moja, kisha fukia kwa jembe la mkono, plau au pawatila kwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Usizike chini zaidi, kwa sababu huko hewa ni haba na uozo huenda polepole na vibaya. Majani yakiachwa juani kwa wiki nzima, sehemu ya naitrojeni huruka kama gesi ya amonia.

Wanaofuata kilimo hifadhi wasiopindua udongo hulaza majani juu kama matandazo. Watapata naitrojeni kidogo zaidi na polepole zaidi, lakini watalinda unyevu, na katika Dodoma au Singida huenda unyevu ukawa na thamani kuliko naitrojeni. Hao wajiandae kwa mchwa, moto na mbuzi wa jirani. Kwenye mteremko wa Uluguru au Usambara, fukia kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayoukata mteremko, au fukia mstari wa kupandia tu na kuacha katikati pamefunikwa.

Hatua ya saba: kupanda mahindi na kusoma majani

Ikiwa udongo una unyevu, subiri wiki mbili hadi tatu baada ya kufukia. Ikiwa ulifukia Januari na udongo ukakauka, muda huo haupo tena: panda na mvua ya kwanza ya kutosha. Kwenye mchanga mwepesi wa Pwani punguza subira hadi siku kumi hivi, kwa kuwa hapo maji hupita haraka na naitrojeni nayo.

Mahindi yakifika wiki ya tatu hadi ya tano, tembea shambani ukitazama majani ya chini. Njano inayoanzia ncha ya jani na kuingia katikati kwa umbo la herufi V ni njaa ya naitrojeni. Rangi ya zambarau kwenye miche ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Njano ya majani machanga ya juu ina sababu nyingine. Njaa ya naitrojeni ikionekana mapema baada ya kufukia mashina magumu, mara nyingi hupungua yenyewe vijidudu vinapomaliza kaboni. Lakini mahindi hayasubiri, na inafaa kukuzia mara moja kwa mboji iliyoiva au samadi ya kuku iliyooza, kiasi cha gao moja kwa shina, ikifunikwa kwa udongo.

Dawa nyingine nzuri ni alizeti mwitu, ile Tithonia yenye maua ya njano inayoota kwenye nyua na kingo za barabara. Majani yake yana karibu asilimia 3.5 ya naitrojeni na zaidi ya asilimia 4 ya potasiamu, huoza haraka, na ilifanyiwa majaribio mengi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990. Kata machipukizi kabla hayajachanua, yakatekate, uyazike kando ya mistari. Lakini huu si mkunde: naitrojeni yake imetoka kwenye udongo wa ule ua, na kubeba tani moja ya majani ni kazi ya siku nyingi. Kwa mboga za bustanini inalipa. Kwa ekari tatu za mahindi, sidhani.

Mbegu za msimu ujao

Mbegu za marejea haziuzwi kila duka la pembejeo, na anayezitegemea dukani huishia kupanda kwa kuchelewa. Tenga mita za mraba 100 au 200 pembeni ya shamba, zisikatwe. Vuna mapodo yanapokuwa makavu na mbegu zinapolia ndani yake, asubuhi yakiwa na umande kidogo ili yasipasuke na kumwaga. Piga, pepeta, kausha siku tatu juani, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na jivu kavu, na uandike mwaka. Kabla ya vuli, weka mbegu 50 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 35 baada ya wiki moja, ongeza kiasi cha kupanda kwa theluthi.

Kila mwaka wa tatu au wa nne badilisha mmea, marejea yafuatwe na kanavalia au fiwi, ili wadudu wanaokula mapodo na magonjwa ya mizizi wasijikite, na uache ukanda mmoja wa shamba bila mbolea ya kijani, wenye mahindi yaleyale na tarehe ileile ya kupanda. Vuna ukanda huo peke yake na upime gunia lake kando.